Kompyuta ya Baiskeli Inapokosea Mwinuko: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Kosa na Kulirekebisha

Malalamiko haya yanafika kila mara, na karibu yote yanafuata njia ileile. Mtu anaona kompyuta yake ya baiskeli inasema yuko mita 60 chini ya mahali alipo. Anafungua mipangilio, anaandika namba sahihi, anaridhika. Safari inayofuata kosa limerudi. Anarekebisha tena, linarudi tena, na mwishowe anaamini kifaa kimekufa.

Mara nyingi hakijafa. Kuandika mwinuko sahihi kwenye mipangilio hutibu aina moja tu ya kosa, na aina ziko kadhaa. Ukitazama namba moja kwenye skrini zote zinafanana. Ukitazama grafu ya safari nzima, kila moja ina umbo lake. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na uchunguzi, na mipangilio tutaigusa baadaye sana. Tafadhali usiruke hatua ili uwahi kwenye kurekebisha.

## Vitu vya kuandaa

- Kompyuta yenyewe ikiwa na chaji kamili, pamoja na kijitabu chake cha maelezo.
- Faili za safari mbili tatu ambazo mwinuko ulikosewa. Usizifute, ndizo ushahidi wako.
- Mahali unapojua mwinuko wake kwa uhakika: alama ya wapima ardhi, kibao cha kituo cha reli kilichoandikwa kimo, ramani ya mistari ya kontua, au ufuko wa bahari.
- Ngazi za jengo la ghorofa tatu au zaidi, na rula.
- Bakuli la maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na kitambaa laini kisichoacha nyuzi.
- Programu ya hali ya hewa kwenye simu inayoonyesha mgandamizo wa hewa kwa hektopaskali. Ikionyesha milibari ni sawa, kipimo ni kilekile.
- Daftari na kalamu.

Sindano, pini na njiti ya meno viache mbali kabisa na meza unayofanyia kazi. Sababu utaiona kwenye hatua ya 4.

## Kwanza tenganisha namba mbili

Kuna *mwinuko wa sasa*, yaani uko mita ngapi juu ya usawa wa bahari wakati huu. Halafu kuna *jumla ya kupanda*, yaani umepanda mita ngapi tangu ulipoanza. Watu huzichanganya, na mkanganyiko huo peke yake hupoteza saa nyingi za kazi.

Jumla ya kupanda hupatikana kwa kujumlisha tofauti kati ya nukta na nukta. Kama nukta zote za safari ziko chini kwa mita 50, tofauti kati yao hazibadiliki, na jumla ya kupanda inabaki sahihi. Kinyume chake pia ni kweli: mwinuko wa sasa unaweza kuwa sahihi mwanzoni na mwishoni huku jumla ya kupanda imevimba kwa sababu kipimo kilikuwa kinatetemeka njia nzima.

Kwa hiyo andika daftarini tatizo lako ni lipi. Anayesema "mwenzangu amepata mita 520 mimi 400 kwenye njia ileile" hatasaidiwa na kusahihisha mwinuko wa mahali pa kuanzia, hata akifanya hivyo kila asubuhi.

## Hatua ya 1: Jua kifaa chako kinapimaje

Kompyuta za baiskeli hupata mwinuko kwa njia mbili.

Ya kwanza ni GPS pekee. Kifaa kinahitaji setilaiti nne au zaidi ili kukokotoa mahali ulipo pamoja na kimo. Shida ni kwamba setilaiti zote ziko juu yako; zilizo upande wa pili zimefichwa na dunia yenyewe. Kwa upande wa kushoto na kulia unazo pande zote, lakini kwa juu na chini una upande mmoja tu. Matokeo yake kosa la kimo huwa kubwa kuliko kosa la mahali, mara nyingi karibu mara mbili yake. Kukosea mita 10 kwenye bonde au chini ya miti ni jambo la kawaida kwa vifaa hivi, wala si ubovu.

Ya pili ni barometa. Ndani ya kifaa kuna kihisi kidogo kinachopima mgandamizo wa hewa. Hewa hupungua uzito kadiri unavyopanda: karibu na usawa wa bahari, kila hektopaskali moja inayopungua ni takriban mita 8.3 za kupanda. Ukiwa kwenye mita 2000, hektopaskali hiyohiyo ni karibu mita 10. Barometa inaona mabadiliko ya mita moja bila taabu, kwa hiyo kwa jumla ya kupanda ni bora mno kuliko GPS. Ila haijui mita sifuri iko wapi. Lazima iambiwe, na hali ya hewa ikibadilika inapotoka.

Tafuta neno "barometa" au "altimita ya barometa" kwenye orodha ya vipimo vya kifaa chako. Njia nyingine: geuza kifaa utafute tundu dogo, au vitundu vichache vilivyopangwa pamoja, visivyo vya kuchajia wala vya skrubu. Vingi huwa mgongoni au pembeni.

Kama hakuna barometa, ruka hatua ya 4 na ya 5. Kazi yako kubwa itakuwa kwenye hatua ya 7 na ya 9.

## Hatua ya 2: Soma umbo la grafu

Hii ndiyo hatua inayookoa watu, nami ningependa uipe muda kuliko zote. Fungua faili ya safari iliyokosewa kwenye kompyuta ya mezani au simu, ukuze grafu ya mwinuko, kisha ulinganishe na mojawapo ya maumbo haya.

Grafu nzima imehama. Milima na mabonde yako mahali pake, ila kila kitu kiko juu au chini kwa kiasi kilekile. Mahali pa kuanzia palikosewa. Nenda hatua ya 7.

Grafu inapotoka polepole. Umeanza na kumaliza mlango uleule, lakini mwisho uko juu au chini ya mwanzo kwa mita 15, 30 au zaidi. Hapa ni hali ya hewa au joto la kifaa. Kuna njia ya kuhakikisha: kwenye safari ya mzunguko, jumla ya kupanda na jumla ya kushuka zinapaswa kukaribiana sana. Tofauti yao ndiyo kiasi cha upotokaji. Soma hatua ya 6 na ya 8.

Grafu imelala, kisha inaruka. Umepanda kilima lakini mstari umenyooka, halafu ghafla unapanda mita 40 kwa mpigo kama ukuta. Tundu la kihisi limeziba. Wakati wa safari dalili yake ni asilimia ya mpando kubaki sifuri huku miguu inaungua. Hatua ya 4.

Meno makali. Mstari unashuka ghafla kila unapoteremka kwa kasi, lori linapokupita au upepo unapokuja kwa nguvu, kisha unarudi. Ni hewa inayogonga kihisi. Hatua ya 5.

Mtetemo wa kudumu. Mstari unapanda na kushuka mita tatu, tano, hata kwenye barabara tambarare kabisa. Huu ni mwinuko wa GPS, ama kwa sababu kifaa hakina barometa, ama tovuti imebadilisha takwimu zako. Hatua ya 9.

Ukiona maumbo mawili kwenye faili moja, shughulikia kwanza tundu lililoziba, kwa sababu linaharibu kila jaribio linalofuata.

## Hatua ya 3: Jaribio la meza na ngazi

Sasa tunataka kujua kama kihisi chenyewe ni kizima, mbali na upepo na barabara.

*Meza.* Washa kifaa, kiweke mahali pasipo na jua wala feni, na usubiri dakika 15 ili joto lake litulie. Andika mwinuko na mgandamizo unaoonyeshwa na programu ya hali ya hewa. Rudi baada ya saa moja, andika tena. Kama mgandamizo haukubadilika, mwinuko haupaswi kuhama zaidi ya mita chache. Kama umepungua kwa hektopaskali moja, kifaa kupanda mita 8 ni sahihi: kinafanya kazi yake.

*Ngazi.* Pima urefu wa kipandio kimoja kwa rula, uzidishe kwa idadi ya vipandio. Vipandio 60 vya sentimita 17 ni mita 10.2, kipimo safi kuliko ramani yoyote utakayoipata. Anza kurekodi chini, panda kwa mwendo wa kawaida, simama juu nusu dakika, usome. Shuka, simama, usome tena.

Usitumie lifti. Mlango ukifunga na kufunguka, mgandamizo ndani yake unaweza kuyumba na kukuchanganya.

Kihisi kizima kitaonyesha mita 9 hadi 11 juu, kisha kitarudi karibu na namba ya kuanzia, na kitatulia ndani ya sekunde chache. Kikichelewa sana, au kikionyesha nusu ya urefu, tundu limeziba kwa sehemu. Kisipohama kabisa, limeziba lote au hakuna barometa. Kikirukaruka ovyo ingawa umesimama, kifaa kinategemea GPS, na ndani ya jengo GPS haina la kusema.

## Hatua ya 4: Safisha tundu la kihisi

Jasho likikauka huacha chumvi. Losheni ya jua huacha mafuta. Gurudumu la mbele hurusha matope. Vyote hivi huishia kwenye tundu la upana wa milimita moja au mbili.

Nyuma ya tundu hilo huwa kuna utando mwembamba unaopitisha hewa na kuzuia maji. Sindano ikiugusa, unatoboka, na mvua inayofuata inaingia hadi kwenye saketi. Hewa ya kupuliza kutoka kwenye kopo au pampu inaweza kuupasua vilevile. Pombe na viyeyushi vingine vinaweza kuharibu utando na gundi inayoushikilia. Kwa hiyo tunatumia maji, sabuni na subira.

1. Hakikisha kijitabu kinasema kifaa kinastahimili kuzamishwa. Kiwango cha IPX7, ambacho vingi vinacho, maana yake ni mita moja ya maji kwa dakika 30. Kama hakina kiwango hicho, usikizamishe. Pangusa eneo la tundu kwa kitambaa chenye unyevu tu.
2. Zima kifaa, vua kava, funga kizibo cha kuchajia hadi kikae sawasawa. Kizibo kilichopasuka ni sababu ya kutoendelea.
3. Kitumbukize kwenye maji ya vuguvugu yenye tone moja la sabuni kwa dakika 10. Maji yasiwe ya moto.
4. Kisogeze taratibu majini ili chumvi iyeyuke. Usisugue tundu, usilielekeze kwenye bomba lenye nguvu.
5. Suuza kwa maji safi. Sabuni ikibaki ndani itakauka na kuwa utando mpya juu ya ule wa zamani.
6. Pangusa, kisha ukilaze tundu likitazama chini usiku mzima kwenye hewa ya kawaida. Kikausha nywele na jua kali havihitajiki. Joto linadhuru betri na gundi.

Rudia jaribio la ngazi asubuhi. Kama awali kilionyesha mita 4 na sasa kinaonyesha 10, umemaliza tatizo. Kama hakuna nafuu, rudia usafishaji mara moja tu zaidi.

Kuna jambo la mvua ambalo wengi hawalijui: tone la maji juu ya tundu linatosha kulifunga kwa muda. Grafu inalala wakati wa mvua na kuzinduka baada ya kukauka. Hapo hakuna cha kutengeneza. Pangusa mgongo wa kifaa kwa kidole unaposimama, na ukubali kwamba safari ya mvua nyingi itakuwa na dosari.

## Hatua ya 5: Angalia kava na mahali kilipofungwa

Vua kava la silikoni, angalia kama lina nafasi wazi mahali lilipo tundu. Makava mengi ya bei nafuu hayana, au nafasi imehama kwa sababu yalitengenezwa kwa toleo jingine la kifaa. Mfuko wa nailoni wa kuzuia mvua ni mbaya zaidi: hewa iliyofungwa ndani hupanuka jua linapowaka, na kifaa kinadhani umeteremka.

Kisha fikiria upepo. Kwa kasi ya kilomita 36 kwa saa, hewa inayogonga uso wa kitu huongeza mgandamizo wa takriban 0.6 hektopaskali, sawa na mita 5 za kimo. Kwa kilomita 54 kwa saa inafika mita 11 hivi. Kihisi hakipati nguvu hiyo yote, ila tundu linalotazama mbele hupata sehemu nzuri yake, na kompyuta inasoma kwamba uko chini zaidi ya ulipo. Mahali pengine upepo hunyonya hewa badala ya kuisukuma, na hapo utasoma juu zaidi.

Kujaribu ni rahisi: teremka mteremko mmoja mara mbili, mara ya kwanza kwa kasi, ya pili ukishika breki. Ulinganishe mwinuko wa mahali palepale katikati. Ukiona tofauti kubwa, hamisha kifaa kutoka kwenye mkono unaochomoza mbele ya usukani ukiweke juu ya shina la usukani, ambako hewa imetulia kidogo. Usizibe tundu kwa sponji au utepe kama wengine wanavyoshauri. Ikilowa, umerudi kwenye hatua ya 4.

## Hatua ya 6: Kipe muda wa kuzoea joto

Kifaa kilichotoka kwenye chumba chenye joto kwenda kwenye baridi ya alfajiri kitahama mita kadhaa kihisi kikipoa. Vivyo hivyo kilichoachwa juani kwenye baiskeli wakati wa mapumziko. Kiweke nje kivulini dakika 10 hadi 15 kabla ya kuanza, kikiwa kimewashwa. Muda huohuo kinatafuta setilaiti, kwa hiyo hupotezi kitu.

Kuna athari nyingine ya joto isiyohusu kifaa bali hewa yenyewe. Hesabu ya kawaida ya kimo huchukulia hewa yenye nyuzi 15 za Selsiasi kwenye usawa wa bahari. Hewa ya joto ni nyepesi, hivyo kupanda mita 1000 ndani yake kunapunguza mgandamizo kidogo kuliko kawaida. Siku ambayo hewa ina joto la nyuzi 15 zaidi ya kiwango hicho, mita 1000 za kweli zitasomeka karibu 950. Kwenye baridi kali utapata zaidi ya ulizopanda. Ukisafisha na kusahihisha mwaka mzima, hii haitaondoka, na kujua hivyo kutakuepusha kununua kifaa kipya bure.

## Hatua ya 7: Sahihisha mwinuko kwa njia iliyo sawa

Sasa ndipo tunagusa mipangilio.

1. Sasisha programu ya ndani ya kifaa, kisha ukizime na kukiwasha.
2. Nenda mahali unapojua mwinuko wake. Kama unaanzia nyumbani kila mara, tafuta mwinuko wa mlango wako kwenye ramani ya kontua, uuandike na usiubadilishe tena.
3. Subiri setilaiti kwenye uwazi, mbali na kuta ndefu. Kifaa kikisema tayari, kipe dakika mbili tatu za ziada. Kimo ndicho kinachotulia mwisho, na vifaa vingi vyenye barometa hutumia GPS kujiwekea mahali pa kuanzia. Ukibonyeza kuanza mapema, vinakamata namba mbaya na kwenda nayo hadi jioni.
4. Ingiza mwinuko sahihi kabla ya kuanza kurekodi. Kama kifaa kinaruhusu kuhifadhi sehemu zenye mwinuko unaojulikana, hifadhi hapo. Kila utakapoanzia mahali hapo kitajirekebisha chenyewe.
5. Anza kurekodi, simama dakika moja, uhakikishe namba haijaruka.

Maonyo matatu hapa.

Usisahihishe katikati ya safari. Ukikipandisha kifaa mita 40 ghafla, vingi vitazihesabu kama mita 40 ulizopanda kwa miguu yako.

Usichukue mwinuko kutoka kwenye programu yoyote ya GPS ya simu. Baadhi huonyesha kimo juu ya umbo la hesabu la dunia linaloitwa WGS84, badala ya kimo juu ya usawa wa bahari. Tofauti ya hayo mawili inategemea mahali ulipo: kuna sehemu za dunia usawa wa bahari uko karibu mita 100 chini ya umbo hilo, na nyingine zaidi ya mita 80 juu yake. Hitilafu ya namna hii haibadiliki kila siku, ndiyo maana huaminika kirahisi.

La tatu linahusu vifaa vinavyoomba mgandamizo badala ya mita. Programu za hali ya hewa hutoa mgandamizo uliokwisha kurekebishwa hadi usawa wa bahari, namba iliyo karibu na 1013. Mgandamizo halisi unaoupumua ukiwa mita 1600 ni karibu 835. Soma kwa makini kifaa kinataka upi. Ukibadilishana hizo mbili, kosa linakuwa la mamia ya mita, hata zaidi ya elfu.

Umefaulu ukianza safari kwenye mita sahihi mara kadhaa mfululizo, siku zenye hali tofauti za hewa, bila kugusa chochote.

## Hatua ya 8: Elewa hali ya hewa itakufanyia nini

Hata kifaa kizima, safi na kilichosahihishwa kitapotoka mgandamizo ukibadilika ukiwa barabarani. Barometa haiwezi kutofautisha hewa iliyopungua kwa sababu umepanda na iliyopungua kwa sababu mvua inakuja.

Maeneo ya tropiki yana mpangilio unaojirudia: mgandamizo huwa juu karibu saa nne asubuhi na chini karibu saa kumi alasiri. Tofauti yake ikiwa hektopaskali 3, ukianza saa nne na kurudi saa kumi utajikuta mita 25 juu ya mlango wako, siku njema isiyo na wingu. Kwenye nchi za mbali na ikweta mchezo huo wa kila siku ni mdogo, lakini dhoruba inaweza kushusha hektopaskali 10 ndani ya saa chache, na hizo ni zaidi ya mita 80.

Unachoweza kufanya ni kuandika mgandamizo wa kuanzia na wa kumalizia, utoe, uzidishe kwa 8. Jibu likikaribiana na upotokaji wa grafu, kifaa hakina kosa, acha kukitafutia dawa. Nadhani hii ndiyo hesabu yenye faida kubwa kwenye mwongozo mzima, maana inachukua nusu dakika na inamaliza ubishi.

## Hatua ya 9: Kagua tovuti inafanya nini na faili yako

Kifaa na tovuti vinaweza kutoa jumla mbili tofauti kwa safari ileile. Tovuti nyingi zina ramani yao ya mwinuko wa ardhi, na zinaweza kutupa takwimu za kifaa na kuweka zao.

Ramani hizo nyingi zimejengwa kwa vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha anga za juu Endeavour mnamo Februari 2000, vyenye nukta moja kila mita 30 au 90. Kwenye nchi tambarare zinafaa sana. Kwenye barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima, nukta inaweza kuangukia ukingo wa juu au bonde la chini. Daraja linaonekana kama umeshuka hadi mtoni na kupanda tena. Njia ya chini ya mlima inaonekana kama umepita kileleni. Msituni rada iliona majani, si lami.

Kanuni yangu ni hii: kifaa chenye barometa nzima, bakiza takwimu zake; kifaa cha GPS pekee, tumia za ramani. Garmin Connect, huduma ya Garmin ya kuhifadhi safari, ina swichi ya kurekebisha mwinuko kwenye kila safari, na Strava, huduma nyingine ya kuhifadhi na kulinganisha safari, ina chaguo la kusahihisha mwinuko kwenye tovuti yake. Angalia limewashwa au la kabla ya kulalamikia kifaa.

Halafu kuna kizingiti. Ili mtetemo mdogo usihesabiwe kama kilima, kila mfumo huamua kupanda kuanze kuhesabiwa kuanzia mita ngapi. Strava imeeleza kwamba hutumia mita 2 kwa takwimu za barometa na mita 10 kwa zisizo na barometa. Kwenye njia ya vilima vidogo vidogo vya mita 6, wenzi wawili wenye vifaa tofauti watapata jumla zisizokaribiana, na wote wawili wamepanda vilevile. Ukitaka kulinganisha, pakieni faili zote mbili kwenye tovuti moja, zikiwa na mpangilio mmoja.

## Hatua ya 10: Jaribio la mwisho barabarani

Chagua mzunguko mfupi wa chini ya saa moja, wenye mpando mmoja unaoujua vizuri, siku tulivu. Uzunguke mara mbili bila kusimamisha kurekodi, ubonyeze kitufe cha mzunguko kila unapopita mwanzo.

Kwa kifaa chenye barometa tarajia haya: mwanzo na mwisho vitofautiane kwa mita 5 au chini ya hapo baada ya kutoa athari ya mgandamizo, kilele kisomeke karibu sawa mara zote mbili, jumla ya kupanda ya mzunguko wa kwanza na wa pili zikaribiane. Asilimia ya mpando ianze kupanda sekunde chache baada ya mlima kuanza. Kuchelewa kidogo ni kawaida, kwa kuwa kifaa huchukua wastani wa umbali fulani, na kihisi cha kasi kwenye gurudumu kitaituliza zaidi.

Kwa kifaa cha GPS pekee, mizunguko miwili kutofautiana mita 10 au 20 si ajabu. Hakuna mpangilio utakaokipa barometa kisichokuwa nayo.

## Wakati wa kukirudisha kwa fundi au muuzaji

Peleka kifaa kama baada ya kusafishwa mara mbili bado hakihami kwenye ngazi, kama kinasoma mamia ya mita mbali na kurudi hapo kila unapokisahihisha, kama namba inatembea makumi ya mita mezani huku mgandamizo umetulia, au kama unaona ukungu wa maji ndani ya kioo. Hili la mwisho lisisubiri: zima kifaa, usikichaji.

Ambatanisha faili ya jaribio la ngazi, faili ya mizunguko miwili, picha ya mgongo wa kifaa inayoonyesha tundu, namba ya toleo la programu ya ndani, na maandishi yako ya mgandamizo na saa. Taja kwamba umekwisha kukisafisha na kukisahihisha, na kwa namna gani, ili usiambiwe uanze upya na yale uliyoyafanya.